Pamba Yetu, Maneno ya Wengine

Siku moja ya mnada huko Mkula, wilayani Busega katika mkoa wa Simiyu, mwandishi wa safu hii alishuhudia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka lingeweza kudhaniwa kuwa dogo. Kijana mmoja alikuwa ametandaza turubai chini ya mti na kupanga juu yake fulana alizozichapa kwa mikono yake mwenyewe. Moja ilikuwa na picha ya ng'ombe akiendesha pikipiki, mwenye ng'ombe akifuata nyuma kwa kamba. Nyingine ilikuwa na dagaa aliyevaa miwani ya jua kwa sababu ya ukali wa taa za wavuvi. Lakini iliyowakusanya watu ilikuwa ile ya kiboko. Kiboko huyo alikuwa ameketi kwenye benchi, sanduku lake miguuni na tiketi mkononi, na chini yake yameandikwa maneno matatu: "Nangoja kama wewe."

Watu wa visiwani waliokuwapo mnadani hawakuhitaji kuelezwa. Aishiye Ukerewe au Ukara ajua maana ya kukaa kwenye benchi akitazama maji tangu asubuhi. Walicheka sana, na mama mmoja mchuuzi wa dagaa akanunua mbili, moja ya mwanawe na moja yake mwenyewe.

Kicheko hicho kilimleta ofisa mmoja aliyekuwa akipita. Kijana alipomwona alisimama na kusema, "Shikamoo, mzee." Ofisa hakuitikia.

"Kivuko ni mali ya Serikali," alisema. "Nani amekuruhusu kukifanyia dhihaka?"

"Kivuko hakimo kwenye fulana, mzee," kijana akajibu kwa adabu. "Ndiyo maana kiboko anangoja."

Jibu hilo halikumfurahisha mkubwa. Aliamuru fulana za kiboko zikunjwe na zisionekane tena mpaka kijana atakapoleta kibali. Kibali gani, na kutoka ofisi ipi, hakusema. Kijana akazikunja.

Hatukusudii kumfedhehesha ofisa huyo. Yamkini alidhani analinda heshima ya Serikali. Lakini kitendo chake kinatupasa tujiulize swali ambalo wananchi na viongozi wa mkoa huu na wa visiwa jirani hatujalijibu sawasawa: katika nchi inayolima pamba, ni nani mwenye haki ya kuandika juu ya nguo?

Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Kila mwaka msimu unapofunguliwa, mizani husimikwa kwenye vyama vya msingi, na magunia hupimwa na kupelekwa kwenye viwanda vya kuchambulia. Huko mbegu hutengwa na nyuzi, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo hufungwa marobota na kusafirishwa ng'ambo. Mambo hayakukusudiwa yaishie hapo. Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma vilikuwa viwanda vya kusokota na kufuma pamba yetu wenyewe. Kufikia miaka ya 1990 vingi vya viwanda vya aina hiyo vilikuwa vimedhoofika, vimefungwa au vimekabidhiwa watu binafsi.

Hebu tufanye hesabu ya mkulima. Kwa kawaida kilo tatu za pamba kama itokavyo shambani hutoa takriban kilo moja ya nyuzi. Fulana ya mtu mzima aghalabu haizidi gramu 200. Hata tukitoa upotevu wa kiwandani, kilo tatu hizo zatosha fulana nne. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo; basi kilo tatu zilimpatia mkulima shilingi 3,600. Kwa fedha hizo hakuweza kununua hata moja ya zile fulana nne zilizokuwa ndani ya mzigo wake, ikiwa mpya na yenye mchoro.

Ndipo hurudi kwenye mtumba. Na mtumba haumletei nguo tupu, humletea nguo pamoja na maneno. Twawaona wazee wetu wenye heshima zao wakisimama kwenye mizani ya pamba wamevaa tangazo la baa ya mji wasioujua, au jina la timu ya shule ya Marekani ambayo hakuna mjukuu wao aliyesoma. Wengine huvaa maneno ambayo lau wangetafsiriwa wangeyavua papo hapo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Mwaka 2017 Marekani ikaanza kuitazama upya nafasi ya nchi zetu katika mpango wake wa AGOA, na zote zikarudi nyuma isipokuwa Rwanda, ambayo mwaka 2018 iliondolewa nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Hatusemi mtumba upigwe marufuku kesho. Wengi wangebaki hawana cha kuvaa. Tunasema tu kwamba tumekuwa watu wa kulima nguo na kuvaa usemi wa wengine, na kwamba kijana wa Mkula ni mmoja wa wachache waliojaribu kuugeuza mwendo huo.

Nguo kusema si mila ngeni kwetu. Kwa zaidi ya miaka mia moja kanga imekuwa na pindo, mji na jina. Biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa chapa yake ya "Mali ya Abdulla", huhesabiwa miongoni mwa waliokuza desturi ya kutia maneno kwenye kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Mke mwenza amejibiwa kwa kanga, jirani mchongezi ameonywa kwa kanga, na mama mkwe amesifiwa kwa kanga, bila mtu kufungua kinywa. Hakuna aliyewahi kumwambia mwanamke wa pwani alete kibali cha jina la kanga. Soko lilikuwa ndilo hakimu: jina lililopendeza lilirudiwa, na lililochukiza lilibaki dukani.

Fulana ya kijana wa Mkula imefuata njia hiyo hiyo. Kiboko ndiye mji wake, na "Nangoja kama wewe" ndilo jina lake. Tofauti ni kwamba kanga huchapwa kiwandani kwa maelfu, na fulana hii huchapwa moja moja na mtu mmoja ambaye ndiye mbunifu, mchapaji na mchuuzi.

Inafaa wasomaji waelewe kazi yenyewe, maana wapo wanaodhani ni mchezo wa watoto. Mchapaji hutengeneza fremu ya mbao na kuiwamba kitambaa chepesi chenye matundu madogo sana. Hupaka juu yake dawa inayoganda kwa mwanga, kisha huweka mchoro wake mweusi juu ya dawa hiyo na kuianika juani. Palipopigwa na jua huganda. Palipokingwa na mchoro huoshwa kwa maji na kubaki wazi. Hapo huilaza fremu juu ya fulana, humimina wino, na kuukamua kwa ubao wenye mpira mpaka upite kwenye matundu yaliyo wazi. Rangi moja huhitaji fremu moja. Kiboko wa rangi tatu ana fremu tatu, na zote lazima zilale mahali pamoja bila kupishana hata kwa upana wa unywele, la sivyo jicho huhamia shavuni. Mwisho wino huivishwa kwa pasi ya moto ili usitoke maji yatakapoigusa nguo.

Kazi hiyo haihitaji mtambo mkubwa wala umeme wa gridi. Yahitaji mkono uliotulia na akili yenye kitu cha kusema. Lakini ina gharama zake. Wino hutoka mjini, na fulana tupu aghalabu ni bidhaa za nje zilizopitia mikono ya wafanyabiashara kadhaa. Hata fulana ya kiboko, basi, huenda si ya pamba ya Simiyu. Jambo hilo ni la kusikitisha. Hata hivyo maneno na mchoro ni vya Mkula, na kwa mtaji alio nao kijana huyo ndicho alichoweza kukirudisha nyumbani kwa sasa.

Viongozi wanaomwona mtu wa namna hiyo kuwa mzururaji hawana budi kumkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Hakupitia chuo chochote cha sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama kwenye vibao kwa rangi za kung'aa zilizotumika kupakia baiskeli, akiuza kazi zake Oysterbay, Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1972, lakini wafuasi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo michoro ya Tingatinga hutundikwa kwenye kuta za ofisi zetu na kupewa wageni wa heshima kama alama ya taifa. Alama hiyo ya taifa ilianza kwa mtu mmoja aliyekaa nje na kuchora alichotaka.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya fulana ni upuuzi usiostahili kuandikiwa tahariri. Wafanyabiashara wa dunia hawafikiri hivyo. Mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, kampuni ya Disney ya Marekani iliomba isajiliwe nchini humo maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Bidhaa iliyotajwa kwenye usajili huo ni fulana! Maneno hayo yalikuwa vinywani mwa Waswahili tangu zamani, na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikuwa imekwisha kuyasambaza duniani kwa wimbo wake wa Jambo Bwana mwaka 1982. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini waraka wa kupinga usajili huo, kelele zikawa nyingi, kisha zikatulia. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza nayo iliomba imiliki jina la kikoi. Wakenya na marafiki zao walilipinga ombi hilo kisheria, nalo halikufua dafu.

Ni kweli kwamba alama iliyosajiliwa Marekani haina nguvu mnadani Mkula, wala haimzuii mtu kutamka maneno hayo. Lakini funzo lake ni wazi. Maneno mawili ya Kiswahili juu ya kifua cha fulana ni mali ambayo kampuni tajiri ilikuwa tayari kuilipia mawakili. Sisi tulio na lugha hiyo tunamwamuru kijana wetu azikunje.

Sasa tuitazame hoja ya heshima ya Serikali, kwa kuwa ndiyo iliyotumika. Mchoro wa kiboko haukumtukana mtu wala haukusema uongo. Ulisema kwamba watu hungoja, jambo ambalo kila abiria wa ziwa hili analijua na ambalo viongozi wenyewe wamelikiri kila walipoahidi vyombo vipya. Mzaha wa namna hiyo ni taarifa inayomfikia kiongozi bila gharama ya tume. Ofisa mwenye busara angeinunua ile fulana, akaitundika ofisini, na kuiondoa siku ambayo kivuko kitafika kwa wakati.

Mipaka ipo, nasi hatuikatai. Watu wa visiwani hawajaisahau tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuangamiza watu zaidi ya 220. Mchapaji atakayeufanyia mzaha msiba ule hatahitaji kukatazwa na ofisa. Akina mama wa Bwisya watamfukuza wenyewe gatini, na watakuwa na haki. Zipo pia sheria dhidi ya matusi na uchochezi, na kila raia yuko chini yake. Lakini kati ya tusi na kicheko pana uwanja mpana, na uwanja huo ni wa wananchi. Ofisa hana mamlaka ya kuufunga kwa sababu tu kicheko kimemkuta akipita.

Basi kifanyike nini? Kwanza, tunazishauri halmashauri za Simiyu na za visiwa zitazame mahali zinaponunua fulana. Kila mwaka hununuliwa fulana za Siku ya Wanawake, za Mei Mosi, za mbio za Mwenge na za Nane Nane. Uwanja wa Nyakabindi, Bariadi, ambao kuanzia mwaka 2018 ulipata heshima ya kuandaa Nane Nane ya kitaifa, umeona maelfu ya fulana. Taratibu za ununuzi wa umma zimetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri ikiamua kwamba fulana za sherehe moja tu kwa mwaka zibuniwe na kuchapwa na watu wa wilaya yake, itakuwa imetoa ajira bila kuongeza hata senti kwenye bajeti.

Pili, ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kuikopesha bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Vijana hukopeshwa kwa vikundi, na hapa pana ugumu, kwa sababu mbunifu aghalabu hufanya kazi peke yake. Ushauri wetu ni kwamba wachapaji waungane katika kununua wino, fremu na fulana tupu, lakini kila mmoja abaki na michoro yake na alama yake. Maofisa wa maendeleo ya jamii walikubali jambo hili badala ya kuwalazimisha wote wachore kitu kimoja. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, litoe mafunzo ya kuivisha wino. Malalamiko kwamba fulana za vijijini huchujuka baada ya kufuliwa mara mbili yana ukweli ndani yake, na mteja aliyechujukiwa harudi.

Tatu, wachapaji wenyewe wazijue haki zao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mchoraji tangu pale mchoro unapokamilika, hata kabla hajausajili COSOTA. Usajili humsaidia kuthibitisha kwamba kiboko ni wake siku mfanyabiashara mwenye mtambo mkubwa atakapomnakili na kumuuza kwa nusu bei. Kwa upande mwingine, haki hiyo haitamkiki vizuri kinywani mwa mtu anayechapa nembo za timu za mpira za Uingereza bila idhini. Anayetaka kiboko wake asiibiwe naye aache kuiba simba wa mwenzake.

Mwisho, twawageukia wasomaji wetu wa visiwani. Ninyi mnacho kisiwa cha Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980. Mnayo majina ya mitumbwi yenye kina kuliko vitabu vingi. Kisiwa chenye hazina hiyo hakina sababu ya kuvaa maneno ya kuazima. Harusi ikija, timu ya mpira ikihitaji sare, kikundi cha akina mama kikitaka kujitambulisha, mwiteni mchapaji wa karibu mumwambie mnachotaka kusema. Bei yake yaweza kuzidi ya mtumba kidogo, lakini fedha hiyo haitavuka bahari.

Tulipoondoka Mkula jioni ile, yule mama mchuuzi wa dagaa alikuwa anapakia magunia yake kwenye gari, fulana ya kiboko ameivaa juu ya gauni lake. Ofisa alipita tena, akamtazama kifuani, akasoma. Safari hii hakusema neno. Twaamini kwamba mtu anayesoma mara ya pili ameanza kuelewa, na tunamwomba achukue hatua iliyobaki: arudi chini ya mti ule, aitikie ile shikamoo, na kumwambia kijana azikunjue fulana zake.